Kwenye kioo hakuna mate

Kwenye mlango wetu wa nyuma kuna ndoo mbili, moja ya maji, moja ya mchanga. Fundi wa umeme alipoziona juzi akauliza tunajenga nini. Hatujengi kitu. Tuna mtoto wa mbwa.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, mtaa ambao mbwa alikuwa anapita tu, hakai. Akikatiza uani, bibi alikusanya pindo la kanga yake kama mtu anayevuka dimbwi. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii: palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, na mara moja katika hizo maji yanachanganywa na udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, na wa kuwinda, na wa mifugo. Hilo tulifundishwa madrasa. Lakini ruhusa ya kitabu ni kitu kimoja na uso wa bibi ni kitu kingine.

Sasa naishi Arusha, Moshono, nyumba ya kupanga yenye ua wa michongoma. Mwezi wa tatu wezi waliingia wakabeba baiskeli mbili, mtungi wa gesi na sufuria pamoja na maharage yaliyokuwemo. Hayo maharage yaliniuma kuliko mtungi, maana nilishayaunga nazi. Ndipo mazungumzo ya mbwa yakaanza. Mume wangu ni mtu wa Kondoa, kwao mbwa analala na ng'ombe na hakuna anayeshangaa, kwa hiyo yeye alikuwa tayari tangu zamani. Mimi nilitaka mlinzi. Mwanangu, miaka tisa, hakuwa anawaza wezi hata kidogo. Yeye mbwa anao, tena kumi na mmoja, ndani ya simu ya baba yake.

Kwa wasiojua, Minecraft ni gemu ambayo dunia yote imejengwa kwa matofali, hata jua ni la mraba. Unakutana na mbwa mwitu porini, unampa mfupa. Kila mfupa una nafasi moja kati ya tatu ya kukubaliwa. Ukikubaliwa, vimioyo vyekundu vinapanda hewani, mbwa anavaa ukosi mwekundu shingoni, na kuanzia hapo ni wako. Ukimgusa anakaa. Utaondoka, utachimba madini, utavuka bahari, ukirudi utamkuta kakaa pale pale. Ukimgusa tena anasimama na kukufuata, na ukimwacha mbali anatokea tu ubavuni mwako, hajatembea wala hajahema. Wawili wakizaana, mtoto anatoka na kichwa kikubwa kuliko mwili, na baada ya dakika ishirini ni mbwa mzima. Chakula chake ni nyama yoyote, hata iliyooza, na iliyooza haimdhuru.

"Mama, unampa mfupa tu," mwanangu aliniambia. Huo ndio uliokuwa mpango wake wote wa ufugaji.

Tulimpata Ngaramtoni kwa mzee mmoja mwenye mbuzi. Wiki nane, dume, rangi ya dona, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mtoto akamwita Mfupa. Sikubisha, kwa sababu jirani wa kushoto mbwa wake anaitwa Hamtuwezi na wa kulia anaitwa Mnasemaje, na wakiitwa wote wawili jioni ni kama kuna kikao cha mtaa. Angalau Mfupa hamsemi mtu.

Usiku wa kwanza tulimlaza stoo, kwenye boksi lenye sweta langu kuukuu. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya Moshono mnaijua. Alilia kuanzia saa nne. Kilio chenyewe hakikuwa cha kubweka. Kilikuwa chembamba, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena chini kabisa kama mtu anayetafuta sauti ya kuanzia kaswida. Wiki nane zote za maisha yake alikuwa amelala juu ya ndugu zake sita. Saa saba nikaamka nikakuta mlango wa stoo uko wazi na mwanangu kachuchumaa na tochi ya simu. Alikuwa amebonyeza kiuno cha Mfupa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anabonyeza kengele ya mlangoni kwa watu.

"Mbona hakai?"

Mfupa alikaa kama sekunde mbili, kwa sababu kiuno kilibonyezwa, halafu akageuka akakiramba kile kidole kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye kifundo cha mkono. Basi saa saba na dakika kumi usiku, kwenye baridi ile, mimi na mwanangu tuko mlango wa nyuma tunahesabu. Moja ya mchanga. Mbili. Tatu. Alipofika saba akasema, "Levo imeisha," akaenda kulala. Mimi ndiye niliyebaki na mbwa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiria mbwa wote wa gemu niliowahi kuwaona, na kwa mtu aliyekulia nyumba isiyo na mbwa ni wengi.

Wa kwanza alikuwa wa kaka yangu. Mwaka 1997 hivi alinunuliwa ile mashine ya gemu ya Kichina iliyoiga ya Nintendo ya Wajapani, yenye kanda unayoipuliza kabla ya kuichomeka, na bastola ya plastiki. Tuliiunganisha kwenye TV ya chogo sebuleni. Ndani ya kanda kulikuwa na Duck Hunt, gemu ya 1984: mbwa wa kahawia ananusanusa nyasi, anaruka vichakani, bata wanafumuka, unapiga. Ukipata, mbwa anainuka kashika bata kwa shingo. Ukikosa, anainuka mikono mitupu, kaziba mdomo, anakucheka. Watoto wote wa mtaa walikuwa na hasira moja tu, kumpiga yule mbwa. Tulimpiga kwa karibu, kwa mbali, tulisogeza mtutu mpaka ukagusa kioo. Hafi. Baadaye sana ndiyo nilielewa kwamba bastola ile haikuwa inarusha kitu, ilikuwa ni jicho. Ukivuta kifyatulio kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panakuwa na mraba mweupe, na bastola inaangalia kama imeona mwanga. Mbwa hakuwekewa mraba. Kwa ile bastola, mbwa hakuwepo. (Kwenye mashine za kumbi za michezo walitengeneza toleo ambalo mbwa anapigika, kwenye hatua ya bonasi, na ukimpiga anakulalamikia. Kaka yangu nilipomwambia hili mwaka jana alinyamaza kwenye simu kwa muda, kama mtu aliyepewa taarifa ya urithi uliompita.)

Bibi hakuwa na neno na mbwa yule. Alikuwa anakaa kwenye mkeka anachambua mchele, na mbwa akicheka naye anacheka.

Wa pili ndiye aliyeleta mjadala. Likizo ya 2006 binamu yetu alikuja kutoka Muscat na kigemu cha Nintendo chenye vioo viwili, kinachofunguka kama pochi, na ndani yake Nintendogs. Gemu ile ilitoka 2005. Aliyeibuni ni Shigeru Miyamoto, yule yule wa Mario, na wazo lilimjia baada ya familia yake kufuga mbwa nyumbani. Iliuza karibu nakala milioni 24, na sishangai. Unampapasa mbwa kwa kalamu juu ya kioo, unamwogesha, unamtembeza, na unamfundisha kwa sauti yako mwenyewe kupitia kitundu cha maiki. Gemu haikujali lugha. Ukirudia neno lile lile mara kadhaa wakati anakaa, neno linashika. Mbwa wa binamu alikuwa anaelewa "kaa" na "njoo hapa we", na mara nyingine shangazi akisema "kaa" kumwambia mtoto wake, mbwa naye anakaa.

Mbwa wale hawakui. Ni watoto milele. Hawazeeki, hawafi. Ila walikuwa na tabia moja: wanakuja mbele kabisa, uso unajaza kioo chote, halafu wanaramba kioo kwa ndani.

Bibi alikuwa akitazama juu ya bega la binamu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Na huyu mate yake vipi?"

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Bibi hakuwa anatania. Aliuliza kwa nia safi kabisa, kwa sababu aliona ulimi, na ulimi kwake ulikuwa na hukumu yake. Binamu akamwambia, "Bibi, mkavu kwa mkavu, hakuna najisi." Bibi akafikiri, akakubali, akaomba ashike kalamu. Alimpapasa yule mbwa jioni nzima. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mbwa katika maisha yake alikuwa anakuna tumbo la mbwa wa kwenye kioo na kumwita "babaangu".

Niwarudishe kwa Mfupa.

Wiki ya pili ndipo meno yalipoanza. Mtoto wa mbwa ana meno ishirini na nane ya maziwa, na kila moja limechongwa kama sindano ya cherehani. Yanaanza kudondoka akikaribia miezi minne, halafu yanakuja arobaini na mawili ya ukubwani. Katikati hapo kila kitu ni cha kutafuna: ndala, mguu wa meza, waya wa chaja, kona ya kitabu cha Hisabati darasa la nne. Dera langu yeye anaamini ni mnyama hai. Nikitembea pindo linacheza, yeye anajilaza chini kwa mbele, matako juu, mkia unapiga huku na huku, halafu anarukia. Ninavyozidi kuvuta ndivyo anavyozidi kuamini.

Daktari wa mifugo alinieleza jambo ambalo hakuna gemu iliyonionyesha. Mtoto wa mbwa anajifunza ukali wa meno yake kwa ndugu zake. Akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakufa pale pale. Akiuma polepole mchezo unaendelea. Anafanya hivyo mara nyingi kwa siku mpaka anajua kipimo. Sisi tulimtoa kwenye darasa hilo akiwa hajamaliza, kwa hiyo mkono wa mwanangu ndio umekuwa ndugu sita. Akiuma sana, toa sauti, simama, mpe mgongo. Usimpige, usikimbie, maana ukikimbia wewe ni dera.

Mwanangu aliifanya kwa bidii. "Aii!" anasema, anageuka ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mfupa anakaa chini anamtazama mgongo, anashangaa gemu imezimwa na nani.

Siku moja jino likatoa damu. Hapo utani ukaisha. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, na hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa nacho, na Mfupa alikuwa hajafikisha miezi mitatu ya kuchanjwa. Tuliosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kwa saa, mwanangu akilalamika kwamba hii sasa imezidi saba. Halafu tukaenda hospitali, muuguzi akatuuliza maswali kuhusu mbwa na mama yake mbwa, mtoto akachomwa sindano ya kwanza kati ya kadhaa. Mfupa aliendelea kula na kuharibu mali kama kawaida, na leo chanjo yake anayo, ya kichaa na zile nyingine za utotoni. Lakini njiani kurudi, kwenye bajaji, nilikuwa nawaza swali la bibi. Na huyu mate yake vipi? Lilikuwa swali la maana kuliko tulivyocheka.

Maana watengenezaji wengi wa gemu wamemwondolea mbwa mambo mengi, mkojo, kinyesi, uzee, lakini cha kwanza walichoondoa ni mate. Ndiyo maana kila mtu anataka kumpapasa. Mwaka 2019 kulianzishwa ukurasa wa Twitter ambao kazi yake ilikuwa moja tu, kutaja gemu na kusema kama mbwa wake anapapasika au hapapasiki. Watu walifuata kwa maelfu. Kwenye Red Dead Redemption 2 anapapasika, unaweza hata kumsifia. Kwenye Zelda ya 2017, Breath of the Wild, hapapasiki, na watu walinuna. Pale unachoweza ni kumtupia nyama, na akishiba anakupeleka palipofukiwa hazina. Mfupa naye ananipeleka kwenye vitu vilivyofukiwa. Juzi ilikuwa ndala ya baba mwenye nyumba. Wiki iliyopita kilikuwa kitu kutoka jalalani ambacho alikuwa ameshakila nusu, na hapa ndipo mwanangu alipojua kwamba habari ya nyama iliyooza kutomdhuru mbwa ni ya kwenye simu tu. Stoo tuliipiga deki mara nne usiku ule. Mswala nimeshauhamishia chumbani na mlango unafungwa kwa funguo.

Siwalaumu hao watu. Kuna vitu wameviona vizuri mpaka nashangaa. Mbwa wa Minecraft, pamoja na uso wake wa matofali, akitoka majini anajikung'uta na matone yanaruka. Ukishika mfupa anainamisha kichwa upande mmoja. Mfupa wetu anafanya vyote viwili, kichwa anakiinamisha upande wa lile sikio lililolala, na mara ya kwanza alipofanya mwanangu alipiga kelele, "Mama! Kama yule!" Mtu fulani alikaa akamtazama mbwa wa kweli, akaondoka na vitu viwili vidogo hivyo. Kwenye Fallout 4 ya 2015 walikwenda mbali zaidi. Mbwa wa humo, Dogmeat, wamemtoa kwa jike la German Shepherd lililoitwa River, la mmoja wa watengenezaji, Joel Burgess, ambaye alikuwa akija naye kazini wenzake wamwone mwendo wake. Dogmeat hafi, hata apigwe risasi namna gani anaanguka na kuinuka. River alikufa 2021.

Na yupo Chop, lile Rottweiler la GTA V, gemu ya wakubwa ambayo mdogo wangu alikuwa akicheza kwenye kibanda cha PS pale Chuda badala ya kwenda tuisheni. Kuna mahali Chop anatumwa kumfukuza mtu, jambo la haraka, la hatari, na katikati ya kazi anakutana na mbwa mwenzake na kuanza mambo ya mbwa na mbwa. Kazi imesimama. Mdogo wangu alikuwa anaona ni upuuzi. Mimi leo naona huyo ndiye mbwa pekee kwenye gemu niliyewahi kumfuga.

Kwa sababu saa kumi na mbili jioni, kila siku, kabla tu ya adhana ya Magharibi, Mfupa anapandwa na mzuka. Hakuna kilichomchokoza. Anaingiza mkia kati ya miguu, anashusha matako, anazunguka nyumba kwa kasi ambayo sijui anaitoa wapi, anapita chini ya kamba ya nguo, anaangusha ndoo ya mchanga, anakosea kona, anabingirika, anainuka, anaendelea. Mizunguko minne au mitano. Halafu anasimama ghafla, anapata kwikwi, anajizungusha mara tatu mahali pamoja na kulala kama amezimwa swichi. Wezi wangekuja dakika ile wangeweza kubeba na mbwa.

Jumapili mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma na simu, anawapanga mbwa wake kumi na mmoja kwenye mstari, kila mmoja kakaa. Mfupa akaja kwa nyuma. Aliangalia kioo. Akainamisha kichwa. Sijui aliona nini mle, pengine ni mwanga tu, lakini akanyoosha ulimi akakiramba kioo chote kuanzia chini mpaka juu, na mbwa wawili wa mstari wa mbele wakasimama.

Mwanangu akanigeukia, simu ameishika kwa ncha za vidole.

"Mama, na simu tunaiosha mara saba?"

Nikampigia mama Tanga. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, akasema tukamuulize shekhe. Halafu akasema subiri kwanza, huo mchanga mwangalie usiingie kwenye tundu la chaji.